Nesi Anayeanza na Walionyamaza

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke aliyevaa viatu vyeupe vilivyoshonwa upya kisigino anasimama mlangoni mwa wodi ya wanawake. Hajamsalimia mtu bado. Anasikiliza.

Kwenye kitanda namba tatu, bibi mmoja anaita kwa sauti ya kuamsha jengo zima. "Nesi! We nesi! Mimi nakufa huku!"

"Bibi, jana pia ulikufa, na chai ukaimaliza," anamjibu, akimgusa bega anapopita. Bibi anacheka, kisha anaendelea kuita.

Yeye ameshafika namba kumi na nne, kwa msichana aliyelala akitazama ukuta, ambaye hajamwita mtu yeyote. Anamshika mkono, anahesabu pumzi zake kwa saa aliyoibana kifuani. Thelathini na nne kwa dakika. Ni nyingi mno. Anageuka kumtafuta mwenzake.

"Huyu kwanza," anasema. "Wewe unaonaje?"

Mwenzake, nesi wa mwaka wa pili kazini, anainama na kutazama midomo ya msichana. "Huyu kwanza, dada."

Wawili hao wanashika kitanda. Mhudumu wa wodi anasogeza ndoo, na magurudumu yanalia sakafuni mpaka karibu na meza ya wauguzi, ilipo mashine ya oksijeni. Wodi ina mashine mbili. Moja imefunikwa shuka kwa mwaka wa nne sasa, ikisubiri fundi.

Wenzake humwita Mama Kimya. Si kwamba haongei. Utani anao, tena wa kutosha. Ni kwa sababu kila zamu huanza na wagonjwa walionyamaza.

"Anayenipigia kelele bado ana pumzi za kupigia kelele. Nitamfikia," anaeleza. "Ninayemwogopa ni yule asiyeniita."

Huu ni mwaka wake wa kumi na tisa kazini. Leo wodi ina wagonjwa thelathini na sita, wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Kwa idadi hiyo, kila asubuhi lazima kuwe na atakayengoja, na yeye ndiye anayemchagua.

"Watu wanadhani ugumu ni kuchoma sindano. Ugumu ni kumwambia mtu, 'Ngoja kidogo, mama,' na unajua kabisa anaumia."

Kabla wauguzi wa usiku hawajaondoka, wote wanapita kitanda kwa kitanda kukabidhiana wagonjwa. Wakifika namba tisa, yule nesi kijana anakohoa kidogo.

"Huyu ni binamu yangu."

"Basi usimguse. Nampokea mimi. Wewe chukua kuanzia kumi mpaka ishirini."

Hakuna anayeuliza kwa nini. Wodi nzima inajua utaratibu huo, na wengi wanajua ulikotoka.

Mama Kimya na kaka yake walilelewa na shangazi yao baada ya mama yao kufariki. Waliishi vyumba viwili, cherehani ikiwa dirishani. Shangazi alishona sare za shule mpaka miguu ikavimba. Barua ya chuo cha uuguzi ilipofika, alimwomba jirani aisome mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa ili wapita njia nao wasikie.

Miaka mitatu iliyopita shangazi huyo alilazwa hapa, kitanda namba kumi na moja, mguu mmoja ukiwa umevimba na kuuma. Siku hiyo mwenzake wa zamu alikuwa amehamishiwa wodi nyingine tangu asubuhi. Mama Kimya alibaki peke yake na wagonjwa thelathini na mmoja. Kabla ya saa sita akaletwa mwanamke kijana ambaye mapafu yalikuwa yakimshinda. Alimpa nafasi ya karibu na meza, pamoja na mashine.

"Uamuzi ule ningeufanya tena leo," anasema. "Shangazi alikuwa anaongea, anawatania wenzake. Anawaambia, 'Nesi wenu huyu, nepi nimemfunga mimi.'"

Anakunja vipande vya shashi vya kufungia vidonda. Kisha anaendelea, sauti imeshuka.

"Wagonjwa walishaanza kunong'ona kwamba huyo ni wa kwake, atapata kila kitu. Nikaona haya. Saa nane nilipita pale, nikazunguka upande wa pili. Baadaye nikapita tena, nikazunguka tena. Nilitaka waone simpendelei." Anainua macho. "Sikumpendelea. Nilimnyima hata kile ninachompa mgeni."

Saa tisa, mgonjwa wa namba kumi na mbili ndiye aliyemwita. "Nesi, mama yako hatanii tena."

Damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda hadi kwenye mapafu. Shangazi alifariki kabla ya saa kumi.

"Daktari alisema huenda tusingemwokoa hata ningemwona mapema. Alisema 'huenda.' Neno hilo ndilo ninalolala nalo."

Yule mwanamke kijana alitoka siku ya sita, kwa miguu yake mwenyewe. Alikuja mezani kuaga, akashika mkono wa nesi kwa mikono yake yote miwili. Hakujua lolote. Angejuaje?

Msibani, kaka yake alimwambia mbele za watu, "Pumzi za mama aliyetulea umempa mgeni." Tangu siku hiyo kaka hajakanyaga kwake. Anaamini chanzo kilikuwa mashine, naye Mama Kimya alimwacha aamini hivyo kwa miaka mitatu. Ilikuwa nafuu. Lawama ya mashine angeweza kuijibu; ya kupita pembeni, hapana.

Mwezi uliopita alimpigia simu.

"Nikamwambia, kaka, mashine siyo. Ni mimi nilipita pembeni. Akanyamaza. Nilikuwa nasikia redio yake. Halafu simu ikakatwa."

Ombi la wodi la kupata muuguzi wa tatu zamu ya asubuhi lilipelekwa ofisini miezi minane iliyopita, na jibu halijarudi. Lakini kumuuliza mwenzako kabla ya kuamua, na kumkabidhi ndugu yako kwa mwingine, hakuhitaji kibali cha ofisi. Wodi mbili za jirani zimeanza kufanya vivyo hivyo.

Saa nne, pumzi za msichana zimeshuka hadi ishirini na nane. Bado ni nyingi. Mama Kimya anaziandika, anafunika kalamu.

"Nesi! Nakufa!"

"Nakuja, bibi! Usife kabla sijafika!"

Jumamosi hana zamu. Amepanga kwenda kwa kaka yake, bila kupiga simu kwanza.

"Akikufungia mlango je, dada?" anauliza nesi kijana, akifungua faili lingine.

"Nitakaa nje mpaka afungue. Angenitukana, mdogo wangu, ningengoja kwanza. Ningejua ana nguvu. Lakini amenyamaza." Anatazama vitanda, safu yote, mpaka mwisho. "Wewe unaonaje?"

Nesi kijana anafunga faili.

"Huyo kwanza, dada."