Karanga za Mbegu

Sogea karibu nikueleze taratibu, maana nina hasira, na si juu yako.

Binti yangu ana upungufu wa umakini. Daktari alituambia ubongo una kemikali, dopamini, inayosaidia kumsukuma mtu aendelee na kazi kwa sababu mbele kuna kitu kizuri. Kwa mtoto kama wangu, zawadi ya mbali humvuta kidogo sana. Ya papo hapo humwamsha. Mume wangu alisikia yote hayo, akarudi nyumbani akamwahidi baiskeli mwisho wa mwaka akifanya vizuri darasani. Mtoto aliikosa baiskeli ile, akaililia. Asiyetaka kitu hukililia?

Kabla ya mvua, wifi yangu alikuja kwetu Nzuguni kutoka kijijini Kibakwe na gunia la karanga za mbegu. Kwao za mbegu humenywa kwa mkono, zisipasuke, na hakuna anayeonja hata moja mpaka gunia liishe. Ndipo sufuria ya karanga za kula hutengwa, wote wale.

"Shangazi, bado nyingi?" binti yangu aliuliza.

"Gunia si hilo unaliona? Menya!"

Punde tu alikuwa anajenga nyumba kwa maganda.

"Tazameni mvivu huyu!" wifi akasema. "Kaka, mpeleke bweni akanyooshwe."

"Januari ataenda," mume wangu akajibu, macho kwenye simu.

Ataenda! Kama mzigo! Niliingia jikoni, nikakaanga karanga za kula. Nikamwekea mtoto bakuli dogo la mbegu za kumenya. "Maliza hizi tu, mama, ule zako hapa hapa."

"Wifi, unamhonga mwanao!"

"Namhonga. Wewe subiri gunia, si unaweza?"

Alimaliza, akala, akadai bakuli lingine. Na lingine. "Shangazi, nakupita!" Wifi alizichambua mbegu alizomenya mtoto akitafuta zilizopasuka. Hakuona hata moja.

"Haendi bweni," nikamwambia mume wangu.

Safari hii aliweka simu chini. Alimtazama bintiye akipuliza maganda. "Haendi," akasema.

Hasira bado ninayo. Neno lile "mvivu" hakuna aliyemwomba radhi mtoto kwa ajili yake.

Kwa hiyo leo, ukimpa kazi mtoto wa namna hii, mkatie kipande kidogo, na akikimaliza, mpe zawadi yake kabla hajainuka.