Fumbo la Sekela Lilinifanya Ninawe Mikono

Jumapili nimeumbuka. Mimi na Sekela, rafiki yangu wa kwaya, huandikiana mafumbo: badala ya kila herufi tunaweka inayoifuata. Alinipa moja, nikalifumbua upesi: "Baada ya ibada njoo kwetu, kuna kula."

Nilivyo na aibu, sijawahi kualikwa popote. Nikafurahi, nikamwambia mama asiniwekee chakula.

Kwao Iyula nilikuta wanakwaya wote sebuleni. Nikanawa mikono, nikakaa jirani na mlango wa jikoni. Mama Sekela akanipa kikaratasi.

"Haya mwanangu, andika jina la mwenyekiti wa kwaya unayemtaka."

"Kwani mama, hatuli kwanza?"

Sebule nzima ikacheka. Mmoja akapaza sauti, "Dada, ni kura, sio kula!"

Sekela, ambaye r na l kwake ni kitu kimoja, akanishangaa. "Si ndivyo nilivyokuandikia? Kula!"

Mikono yangu ilikuwa bado inachuruzika maji.