Bibi Ruhusa

Mama mtu alipiga pasi jicho moja likiwa kwenye shuka, jingine kwa binti yake. Ni yeye aliyembembelezea kazi katika chumba hicho cha kufulia cha hoteli, bila kusema mwanawe alikuwa ametoka wapi. Kazi mbili za mwanzo zilimponyoka binti mara tu waajiri waliposikia alifungwa kwa wizi wa vitambaa dukani. Hii ndiyo iliyobaki, na wiki hiyo muda wa majaribio ulikuwa unakwisha. Akithibitishwa, wifi yake, aliyebaki akimlelea mtoto, angemrudishia. Asipothibitishwa, mtoto angezidi kumwita shangazi mama.

Jela ilikuwa imemwachia binti, ila mwili wake ulikuwa haujaiachia jela. Mlango uliofungwa hakuugusa. Alisimama kando akingoja kufunguliwa. Hata kunywa maji aliomba ruhusa, wenzake wakambandika jina.

"Bibi Ruhusa, hiyo chafya umeiombea?" walimtania, na mama akacheka kuliko wote ili lisionekane jambo.

Nyumbani alimfanyisha mazoezi: funga mlango, fungua mwenyewe, toka, rudi. Alimfundisha kila alichokiona. Asichokiona angekifundishaje?

Siku hiyo msimamizi mpya, mwanamume mpole, alitaka kujua zinahitajika sare ngapi. Akapiga makofi, akawaambia wajipange ukutani awahesabu. Wanawake wakajikokota wakinung'unika. Binti aliacha pasi, akakimbia hadi ukutani, akachuchumaa. Mikono kichwani, macho chini.

Wote wakageuka kumtazama, mvuke ukifoka.

Mama hakufikiri. Alichuchumaa ubavuni kwake, magoti yakialika kama kuni kavu, naye akaweka mikono kichwani.

"Ukoo wetu haujui kusimama foleni," alisema. "Magoti haya tumerithi."

Dobi mmoja mnene akaangua kicheko, akauliza kama kiuno chake mwenyewe nacho ni cha urithi. Wengine wakacheka. Kidogo tu lingepita.

Msimamizi hakucheka. Alimtazama binti, ambaye bado hakuwa ameinua macho.

"Dada," aliuliza taratibu, "ulifungwa?"

Mama akafungua kinywa, lakini binti akamwahi.

"Acha, mama. Ndiyo, bwana. Nilimaliza kifungo changu."

Msimamizi alisema yeye binafsi hana neno. Ila nguo za wageni hupita hapo na vitu mifukoni, na wakubwa wakija kujua alinyamaza, atakayeulizwa ni yeye. Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyommaliza mama. Mtu mkali ungegombana naye. Binti aende nyumbani, alisema, ataitwa. Kule kwingine nako walisema ataitwa.

Binti alivua aproni, akaikunja pembe kwa pembe, akaiacha mezani. Akaenda mlangoni. Ulikuwa umefungwa. Akasimama kando, mikono nyuma, akingoja. Safari hii hakuna aliyemtania.

Mama alikuwa bado anajiinua kwa kushika ukuta.

"Fungua mwenyewe, mwanangu," alisema, kwa sauti ileile ya mazoezi.

Binti alikitazama kitasa.

"Leo nifungulie wewe, mama."

Mama akaenda, akamfungulia.