Shirazi Haina Bahari

Kaa karibu nikusimulie, na ukikwama mahali usione haya, nitarudia. Kwetu Unguja baba anatuhesabu kuwa Washirazi. Tangu utotoni nimesikia kwamba babu wa mababu zetu alisimama ufukweni Shirazi, mji wa Iran, akaitazama bahari, akapanda chombo na wanawe mpaka kwetu.

Kwa hadithi hiyo baba alinikatalia mchumba, zamani. Mwaka huu posa imeletwa kwa mdogo wangu. Kijana ni mwalimu, mtaratibu, ila inasemekana bibi yake alizaliwa na watu walionunuliwa. Baba akaomba muda wa kujibu. Mdogo wangu akanipigia simu huku Guangzhou, China, ninakosoma.

"Dada, wewe ndiye msomi. Mtafutie baba kitu kitakachomlainisha."

Basi nikaanza kuazima vitabu vya Iran maktabani. Nilisoma vya wafalme, vya mapinduzi, na kumbukumbu za wanawake waliokulia Tehran wakahama, kisha kila walikokwenda wakaulizwa wao ni nani hasa. Nilivipenda. Mmoja alieleza jinsi mama yake alivyopika wali mpaka ukoko ukashika chini ya sufuria, na ukoko ule akapewa mgeni. Kwetu ukoko hugombaniwa na watoto. Nikajiona nimefika kwa ndugu. Hata jirani yangu wa bweni, mwanamke wa Shirazi yenyewe, nilikuwa nikimwita binamu, naye akiitika.

Siku moja nilikwenda naye soko la Zhanxi kumnunulia mdogo wangu viatu vya harusi. Tukiwa tunapisha mikokoteni ya mizigo, nikamsimulia habari za babu na ufukwe wake. Akasimama katikati ya njia.

"Bahari gani, binamu? Shirazi iko milimani. Kwenda baharini ni saa kadhaa kwa gari."

"Babu alitembea."

"Basi alifika hoi!"

Tukacheka mpaka mwenye duka akadhani tunaicheka bei yake, akaipunguza.

Jioni nilifungua ramani kitabuni. Kweli, milima mitupu. Nielewe vizuri: sikatai kwamba Waajemi walifika pwani yetu. Wapo wataalamu wanaosema walifika, nami nawaamini. Lakini katika vitabu vyote nilivyosoma, pwani yetu niliikuta mahali pamoja tu, katika sura iliyohusu watu weusi wa kusini mwa Iran. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliochukuliwa kwetu wakauzwa huko. Mpaka leo wanapiga ngoma za kupunga pepo, kama zetu. Hao ndio jamaa wa Iran niliowapata bila shaka yoyote, na nyumbani hakuna aliyewahi kunitajia.

Nikampigia baba. Baada ya shikamoo nilimsomea sura ile, nikitafsiri polepole. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hao si sisi," akasema.

"Baba, wametoka kwetu."

"Hao waliuzwa. Sisi tulikuja wenyewe. Umekwenda China kusoma, unanisomea habari za watwana?"

"Na Shirazi haina bahari, baba. Ramani ninayo hapa."

"Ilikuwapo zamani," akasema, akakata simu.

Kesho yake posa ikajibiwa: hapana. Nikamuuliza mdogo wangu kama viatu nivitume tu. Akaniandikia: "Vaa wewe, dada. Mguu wetu mmoja." Tangu hapo hajapokea simu yangu. Viatu viko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, na vitabu nimeshavirudisha.

Baba aliisikia ile ramani, hakuiona. Kama kwenu kuna posa inayongoja jibu kwa hadithi kama yetu, usitegemee simu. Nenda mwenyewe. Tandaza ramani ya Iran mbele ya mzee wako, weka kidole chake juu ya Shirazi, kisha mwambie akisogeze mwenyewe mpaka kiguse maji.