Ng'ambo ya Barabara

Simu ililia Pontiani akiwa amesimama kando ya pipa la kuchemshia chikichi, mikono imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Alimwomba mkewe Agata aipokee na kumshikia sikioni. Aliyepiga alikuwa Olivier, kijana wa Bujumbura aliyekuwa akisoma na binti yao Ineza huko Marekani. Olivier hakusalimia, na Mrundi asiposalimia kuna jambo. Alisema Ineza alikuwa hospitalini tangu Jumamosi kwa homa ya mapafu, na kwamba asubuhi ile, huko kwao jua likiwa bado halijatoka, alifariki.

"Murakoze, Olivier," Pontiani alimshukuru, kama mtu aliyeletewa barua. Kisha akaendelea kukoroga. Agata alikuwa amesikia kila neno, na ndiye aliyeanguka.

Majirani wa kijijini kwao, Kizuka, walipofika walimkuta Pontiani bado ameshika mti wa kukorogea, na moto chini ya pipa umekwisha zima. Kichwani mwake mlikuwa na barabara moja tu, ambayo hakuwahi kuiona kwa macho.

Barabara hiyo ilipita kando ya chuo cha Ineza. Upande mmoja ulikuwa chuo. Upande wa pili ilikuwa nyumba ya bibi mmoja mzee ambaye Ineza alimfahamu kanisani, naye alitaka msichana wa kukaa naye alasiri, kumpikia chai na kumsomea barua zake. Ineza alimweleza baba yake habari hiyo mwezi wa pili, akiwa bado hajamaliza majuma sita katika nchi ile.

Masharti ya mwanafunzi mgeni yalikuwa wazi, na Ineza mwenyewe ndiye aliyeyasoma kwenye simu, akiyatafsiri mstari kwa mstari. Kazi inaruhusiwa ndani ya chuo tu. Saa zisizidi ishirini kwa juma wakati wa masomo. Kwanza ofisi ya wageni iandike barua. Anayefanya kazi nje bila kibali anaweza kupoteza viza na kurudishwa kwao. Viza yake ilikuwa imechelewa, akafika Januari wakati wenzake walikwisha anza Agosti. Kazi za maktaba na za kantini zilikuwa zimeshikwa. Iliyobaki ilikuwa ya koleo: kuondoa theluji kwenye njia za chuo kabla wanafunzi hawajaamka.

"Kwa bibi kuko joto, Baba. Ni ng'ambo ya barabara tu. Kutoka dirishani mwangu naliona pazia lake."

Pontiani aliuliza kama ng'ambo ya barabara ni ndani ya chuo. Ineza alisema si ndani.

"Basi."

"Kwani wewe kambini hukutoka? Mama ameniambia. Ulitoka kila juma."

"Ndiyo maana nakukataza."

"Baba, sasa umekuwa polisi wa kambi." Ineza alicheka. Baba yake hakucheka, akamwambia ashike rozari yake mbele ya kamera na aape kwamba hatavuka. Ineza aliapa. Halafu alimwonyesha theluji, akasema inafanana na unga wa muhogo uliomwagwa na mtu asiyejua njaa.

Maneno hayo ya muhogo yalimchoma, maana muhogo ndio uliomlea Ineza. Alizaliwa kambini, mkoa wa Kigoma, wakati mkimbizi hakuruhusiwa kupita mpaka wa kambi bila kibali. Posho ilipopunguzwa, Pontiani alikuwa akitoka kimya na jembe lake, akalima mashamba ya wenyeji na kurudi na muhogo. Siku moja alikamatwa, akafungwa majuma matatu. Alipoachiwa alikuta mtoto wake wa kwanza, Revokatus, amekufa kwa malaria na amezikwa siku tisa zilizopita. Alipelekwa kwenye vichuguu vidogo vya udongo, vingi, na aliyempeleka hakuwa na hakika ni kipi.

Tangu siku hiyo Pontiani hakupita tena mstari uliochorwa na mtu mwenye mamlaka. Waliporudi Burundi alikuta mtu mwingine anavuna michikichi ya marehemu baba yake. Hakugombana naye. Alingoja karatasi ya kumrudishia shamba kutoka ofisi ya komini kwa miaka minne, akilima kwa watu, na wengine wakamwita mwanamke. Karatasi ilipotoka alimshukuru Mungu, akaona kwamba kutii kunalipa. Hivyo ndivyo alivyowafundisha watoto wake.

Ineza alishika koleo. Alianza kukohoa, akasema ni baridi tu, kila mtu huko anakohoa. Aliogopa kukosa siku, asije akapoteza hata kazi hiyo. Juma la tatu la kikohozi, Olivier alimkuta sakafuni chumbani kwake.

Padri alipokuja kuwafariji, Pontiani alimngoja amalize sala.

"Padri, nilipovunja sheria mtoto alikufa. Nilipoitii mtoto amekufa. Unaniambia nini?"

Padri alimshika mkono. Alikaa naye mpaka jioni, na Pontiani alimheshimu kwa hilo.

Watu wa kanisa la huko walisaidia mwili usafirishwe. Jeneza lilifika Alhamisi ya juma la tatu. Melkiades, mdogo wake Pontiani, ndiye aliyekwenda kulipokea Bujumbura na kulileta kwa kamioneti, gari dogo la mizigo, ziwa likiwa upande wa kulia mpaka Rumonge. Juu ya mfuniko palikuwa na karatasi yenye mhuri. Melkiades aliisoma mbele ya wote: jeneza lisifunguliwe.

Wanawake waliinama. Agata hakuinama.

"Baba Ineza, kwa Revokatus ulionyeshwa udongo tu."

Pontiani aliingia ndani, akatoka na bisibisi. Melkiades alimnong'oneza kwamba ni marufuku, kwamba polisi wa kituo wako kwenye msiba. Pontiani alimwambia amewaona. Akafungua skrubu moja moja, kwa utaratibu, akiziweka mfukoni.

Ineza alikuwa amekonda. Rozari ilikuwa mikononi, na ngozi ya vidole imepasuka kwa baridi, mipasuko mirefu ambayo haikuwahi kupona. Agata aliomba mawese. Akampaka mikono yote miwili, kidole kwa kidole, kama alivyompaka utotoni wakati wa kiangazi. Kisha Pontiani akafunga.

Alisimama kando ya jeneza na bisibisi mkononi, mahali pa kuonekana, akingoja wamwendee. Polisi wawili walivua kofia zao, wakainamisha vichwa. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ineza alizikwa saa tisa alasiri, chini ya michikichi, upande unaotazama ziwa. Kwaya iliimba nyimbo mbili, na Padri alisoma sala za maziko. Agata alitupa udongo wa kwanza, wakafuata ndugu na majirani, na Pontiani akawa wa mwisho. Melkiades alisimika msalaba wenye jina na miaka. Watu walirudi nyumbani, wakanawa mikono kwenye beseni lililowekwa mlangoni, wakanywa kilichokuwepo, wakaaga.