Kikavu cha Nini?

Nakumbuka siku moja ya jilaal, kiangazi chetu kile kirefu, miaka ya tisini, watafuta mafuta walipokuwa wakichimba karibu na malisho yetu, upande wa barabara ya Habaswein. Mimi nilikuwa mkalimani wao, mwanangu, na zile buti za kampuni nilizivaa miguuni lakini zilinipanda kichwani.

Mtaalamu wao wa miamba, Bwana Mutua, mtu wa Machakos, alikuwa mpole. Aliwahi kunionyesha kipande cha jiwe jeupe kilichotolewa chini sana, chenye alama za kombe.

"Hapa palikuwa bahari," aliniambia. "Matumbawe yalijenga mwamba huu wa chokaa, kama ule tunaoutafuta chini ya bahari, mbele ya Lamu. Mafuta hukaa kwenye vitundu vyake."

Bahari, huku kwetu! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Asubuhi ya siku ile akawaambia wazee, "Tunafunga kazi. Kisima ni kikavu." Nikalibeba neno lake lilivyo, nikalitua kwa Kisomali. Kwetu kisima hakina kazi nyingine ila maji, na chetu cha zamani kilikuwa kimebaki tope. Watu wakaanza kufungasha waende mto Tana. Shangazi yangu, eddo Rukia, alibakiwa na ngamia mmoja, amezaa juzi tu, na sote tulijua ndama yule hatafika. Iliniuma, lakini nikasema ndiyo majaliwa.

Eddo hakufungasha. Alimfuata Mutua hadi kwenye mtambo, akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

"Wewe kijana, kikafu ya nini?"

"Cha mafuta, mama."

"Na maji?"

"Maji matamu yapo, tuliyapita huko juu. Chini ni ya chumvi. Kesho tunaziba yote kwa saruji."

Eddo akanigeukia, akasema kwa lugha yetu, "Umetuletea neno lake, maana umemwachia mwenyewe."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Niliona aibu kubwa. Nikamweleza Mutua watu walivyoelewa, naye akaenda kwa wakubwa zake, wakabishana hadi adhuhuri. Mwishowe wakakubali kuziba chini tu na kutuachia maji ya juu. Mizigo ikashushwa, tukanywesha mifugo kutoka tangi lao mpaka kisima kilipowekewa pampu. Ndama yule alikua, akazaa, na maziwa ya uzao wake umeyanywa wewe.

Wewe umesoma, na utakaa na watu wa kila kazi. Daktari ana maneno yake, wakili ana yake. Wakikuambia hakuna, usifungashe upesi. Kuuliza si ujinga. Uliza hakuna nini. Na siku utakayotumwa kupeleka neno kwa watu, usiliinue kabla hujajua ndani lina nini.

Mola akupe ulimi mwaminifu. Na akikunyima ulichokitafuta, akuonyeshe ulichokipita njiani. Amin.