Mafuta ya Sombe ya Yaya Nabintu

Ilianza siku ya yenga, Jumapili, saa tisa kamili. Wakwe walikuja kwetu Muhumba kuonja mapishi ya dada yangu mukubwa, yaya Nabintu, mbele ya kukubali ndoa. Baridi iligandisha mawese mu bidon, dumu letu la plastiki. Maman akaniambia, "Yeyusha mafuta, tia bidon mu maji ya moto."

Maji yalikuwa mu termosi, mu saluni, pale sebuleni penye wageni. Niliona haya kuingia. Nikaweka bidon juu ya makaa, plastiki ikayeyuka pamoja na mafuta. Nikamwaga yote mu sombe, yale majani ya muhogo yaya alikuwa anapika, bila kumwambia.

Mama ya mchumba akatema. "Hii sombe inanuka bidon. Nani amepika?"

"Ni mimi, maman," yaya akajibu.

Waliondoka bila kutaja siku ya kurudi.

Asubuhi nilienda kwa wale wakwe peke yangu, nikabisha hodi, niwaambie ni mimi niliharibu sombe.